Kujifunza masaji ya Kithai: Bangkok au Chiang Mai?

MwanaMwambao: Salaam kwenu nyote. Nimekwisha kuamua kwenda Thailand kujifunza masaji ya Kithai, na lililobaki ni kuchagua mji. Wengine wananisifia shule ya Wat Pho ya Bangkok kwa jina lake. Wengine wananisisitizia Chiang Mai, wakidai kwamba maisha ni nafuu na walimu hawana haraka. Malipo ya awali yanatakiwa mwisho wa mwezi huu. Naomba mnilinganishie maisha ya mwanafunzi katika miji hiyo miwili.

KidoleGumba: Hujasema unakwenda mwezi gani, utakaa muda gani, una fedha kiasi gani, wala kama unatafuta cheti cha ajira au ujuzi wa kuwakanda watu wa nyumbani. Bila hayo tutakuwa tunapiga ramli. Mimi nitasema Wat Pho hata ukiniamsha usingizini. Shule ilianzishwa mwaka 1955 katika hekalu ambalo michoro ya njia za nishati, ziitwazo sen, ilichongwa kwenye mawe tangu enzi ya Mfalme Rama wa Tatu. Kozi ya msingi ni ya saa 30 kwa siku 5. Asubuhi unashuka kituo cha treni cha Sanam Chai, au unapanda boti ya mto Chao Phraya hadi gati la Tha Tien. Mwalimu anakuonyesha hatua, unazirudia juu ya mwenzako, kisha mnabadilishana. Jioni kidole gumba hakishiki hata kikombe.

Bi Singo: Siku tano zinatosha kukariri mpangilio, hazitoshi kuujua mwili wa mtu. Mtindo wa kaskazini, yaani wa Chiang Mai, unakwenda polepole na una kunyoosha viungo kwingi, na mwanafunzi anapata muda wa kuuliza. Nilikosomea Chiang Mai, siku ilianza kwa dua ya kumkumbuka Jivaka, tabibu wa zama za Buddha, na sisi tusio wa dini hiyo tulikaa kimya bila kulazimishwa lolote. Baada ya hapo ni magodoro membamba sakafuni mpaka mchana, ambapo tulikwenda kula khao soi, yaani tambi za mchuzi wa nazi, kisha tukarudi tukiwa wazito na kukandana hadi jioni. Usafiri ni magari mekundu yasiyo na njia maalumu, kwa hiyo unamwambia dereva uendako na mnapatana kabla hujapanda.

Mpwani_Mkavu: Bi Singo, mbona hukutaja moshi? Mimi nilifika Chiang Mai mwezi Machi, wakati mashamba na misitu ya kaskazini inachomwa, na mlima Doi Suthep, ulio jirani kabisa na mji, ulikuwa hauonekani. Darasa halikuwa na kiyoyozi. Tukifungua madirisha tunakohoa, tukiyafunga tunaiva. Shule yenyewe, ambayo sitaitaja, ilikuwa imeniahidi kwamba karatasi za viza ya masomo zimo ndani ya ada. Nilipozidai nikaambiwa kwamba shule bado haijaidhinishwa na Wizara ya Elimu, hivyo haiwezi kumwombea mtu viza hiyo, na kwamba niliyolipa hayarudishwi. Ikabidi nitoke nchini kwa gharama yangu kabla muda wa kukaa haujaisha. Zaidi ya hayo, idadi yetu ilikuwa witiri, kwa hiyo nilipewa ndugu wa mwalimu nimfanyie mazoezi, na yeye alilala usingizi tangu nilipogusa nyayo zake; hakuniambia hata mara moja kama ninabonyeza panapostahili.

Bi Singo: Pole sana, ila moshi ni wa Februari hadi Aprili. Kosa la shule moja usiutwishe mji mzima.

Fundi_Viungo: Mnabishana juu ya miji na kusahau mafuta. Masaji ya Kithai ya asili hufanywa mtu akiwa amevaa nguo, bila mafuta, ilhali wageni wa hoteli za Nungwi niliowahudumia mimi karibu wote huomba mafuta. Aulizie kozi ya mafuta kwanza.

KidoleGumba: Sanaa hiyo iliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa binadamu mwaka 2019, nawe unataka kuipaka mafuta!

Fundi_Viungo: UNESCO hawalipi mishahara Nungwi.

MwanaMwambao: Ahsanteni. Nakusudia kwenda Februari, na cheti ni cha kufanyia kazi Zanzibar. Mimi ni mwanamke Mwislamu. Je, chakula halali kinapatikana, na nitalazimika kukandana na wanaume?

Bi Singo: Mwanangu, Chiang Mai kuna msikiti wa Ban Haw wa Waislamu wenye asili ya Yunnan, jimbo la China, na khao soi halali inauzwa jirani yake. Suala la mwenza wa kike liulize kwa maandishi kabla ya kulipa.

Mpwani_Mkavu: Februari ndiyo mwanzo wa moshi, dada. Viza uiombe mapema ubalozi wa Thailand ulioko Nairobi, ubebe cheti cha chanjo ya homa ya manjano, na usitarajie kujilipia ada kwa kukanda watu huko, kwa sababu kazi hiyo sheria imewaachia Wathai wenyewe.

KidoleGumba: Basi Bangkok, na Waislamu huko ni wengi vilevile.

Bi Singo: Au aahirishe hadi Novemba, aende Chiang Mai hewa ikiwa safi.

MwanaMwambao: Novemba nitakuwa kazini hotelini. Nitawaandikia shule zote mbili kuhusu mwenza wa kike na mafuta. Kuhusu kidole gumba, je, mwanafunzi anaruhusiwa kutumia kiwiko?

Fundi_Viungo: Kiwiko, goti na hata unyayo, lakini kwanza mwalimu akuone hujamvunja mtu mbavu.