MJADALA: Kasuku wanaofugwa Bukavu mashariki mwa Kongo, wachukuliwe, au waachwe?

Wandugu, nauliza waziwazi. Jirani yangu hapa Kadutu ana kasuku wa kijivu, mkia mwekundu, tangu watoto wake wakiwa wadogo. Anakaribisha wageni kuliko sisi wenyewe. Juzi mjomba akasema ndege huyo apelekwe Lwiro, kwenye kituo cha kutunza wanyama waliookolewa, na jirani atozwe faini. Nyumba nzima tukagawanyika.

Mimi namuunga mkono mjomba nusu tu.

Tazameni wenzetu: Shelisheli wana kasuku mweusi (ukimtazama vizuri ni wa kahawia). Anazaliana Praslin peke yake, kisiwa kisichofika kilomita za mraba 40. Idjwi yetu, kisiwa cha Ziwa Kivu, inakizidi mara nyingi kwa ukubwa. Kasuku hao hawafiki 1,000. Wanataga katika mashimo ya miti iliyokufa ya jamii ya minazi, na panya wanawafuata humo humo kula mayai. Lakini ni ndege wa taifa, na kila mtoto wa huko anamjua.

Wa kwetu, wa kijivu, ameponzwa na wingi wake. Msitu mkubwa, tukadhani hawataisha. Ghana nao walikuwa na makundi makubwa; utafiti uliotolewa 2016 ulikuta wamepungua kwa zaidi ya asilimia 90 tangu 1992. Mwaka huo huo wa 2016, Johannesburg, mataifa yalipiga kura kukataza biashara ya kimataifa ya kasuku wa kijivu wa porini. Ulimbo, ile gundi ya kutegea ndege, haukusikia. Mtegaji anafunga kasuku mmoja juu ya mti, kasuku analia, wenzake wanakuja na kunata. Wengi hufa njiani, wamesongamana. Na jike hutaga mayai mawili, matatu, tena baada ya kungoja miaka kadhaa apevuke.

Kwa hiyo naona hivi: wa zamani aandikishwe, abaki. Anayenunua leo ndiye abanwe.

Mama Furaha, Nyawera: Mwanangu, huyo wa zamani utamjuaje? Kila muuzaji atakuambia alimrithi kwa babu. Umewafungulia soko.

Mtoto wa Shabunda: Kaka, wewe wa mjini unaongea vizuri. Kwetu kijijini kasuku wawili ni karo ya mtoto. Praslin watalii wanalipa kuingia msitu wa Vallée de Mai. Shabunda nani analipa, na kwa barabara ipi? Anayekwea mti kutega anapata kidogo kuliko wote, lakini polisi wakija wanamkamata yeye. Waanze na wanaosafirisha kwa eropleni.

Aliyeanzisha: Mama, hapo umenishika. Basi iwekwe tarehe moja: kila kasuku apigwe picha na kuvishwa pete kabla yake, baada ya hapo, asiye na pete ni wa magendo. Ndugu wa Shabunda, kuhusu wasafirishaji sina la kupinga. Kuhusu karo sina jibu, na sitajifanya ninalo.

Nimemsomea jirani wazo la pete. Ameuliza nani atailipia. Kasuku naye akadakia: "Karibu!"