Mjadala: Albamu za mwisho za Bee Gees zilidharauliwa bure?

Santuri Kuukuu
Wadau, ikitajwa Bee Gees, kundi la ndugu watatu Barry, Robin na Maurice Gibb, kila mtu anakimbilia 1977, suti nyeupe na nyimbo zao za disko kwenye filamu ya Saturday Night Fever, basi, habari imeisha. Mimi nasema wapo Bee Gees wengine ambao hamjawasikiliza: wa kuanzia E.S.P. ya 1987 hadi This Is Where I Came In ya 2001. Albamu sita za studio. Na katika hizo, Size Isn't Everything ya 1993 naiweka juu ya Spirits Having Flown, albamu yao ya enzi za disko. Robin kapewa nafasi yake, mashairi yamekomaa, na "Blue Island", waliyoitoa kwa watoto wa iliyokuwa Yugoslavia, ina upole ambao walikuwa wameupoteza tangu miaka ya sitini. Nauliza: kwa nini hakuna anayezitaja? (Maurice simuweki kwenye hesabu, yule alikuwa msindikizaji wa ndugu zake tu.)

Disko Damu
Juu ya Spirits Having Flown? Mkuu, soma tena ulichoandika. Albamu moja imetoa "Too Much Heaven", "Tragedy" na "Love You Inside Out", na zote tatu zilishika namba moja Marekani. Hiyo ya 1993 nani aliisikia huko? Mtu akiacha kuuza mnasema amekomaa.

Dada wa Kinanda
Nilikuwa nakubaliana na wewe neno kwa neno mpaka nikafika kwenye mabano. Msindikizaji? Maurice Gibb? Aliyepiga besi, kinanda na gitaa kwenye nyimbo za kundi hilo tangu wakiwa vijana? Futa hiyo sentensi ndipo tuendelee.

Mwana Chati
Tatizo halikuwa muziki, tatizo lilikuwa redio za Marekani. Watu walilipua santuri za disko kwenye uwanja wa baseball Chicago, 79 au 80, na baada ya hapo jina Bee Gees likawa mkosi. Wakafanya nini? Wakawaandikia wengine. Barbra Streisand, Dionne Warwick, Kenny Rogers na Dolly Parton, Diana Ross. Kalamu ni ileile, midomo tofauti, na vibao vikapanda chati. "Islands in the Stream" ikawa namba moja Marekani 1983, miaka miwili tu baada ya albamu yao wenyewe, Living Eyes, kupuuzwa. Sasa niambieni, kipaji kiliisha lini hapo?

Disko Damu
Ni 12 Julai 1979, Comiskey Park. Usituletee "79 au 80" kwenye mjadala wa watu wanaojua.

Mwana Chati
Umejibu tarehe, hoja umeiruka.

Santuri Kuukuu
Dada wa Kinanda, sifuti. Bila chuki, nitajie vibao ambavyo Maurice ndiye anayeongoza kuimba. Vibao, si nyimbo za kujazia upande B. Barry ana sauti nyembamba ile ambayo dunia nzima inaijua. Robin ana ule mtetemo wake, ukiusikia unaujua. Maurice ana nini?

Dada wa Kinanda
Ana masikio, jambo ambalo wewe umelikosa. Chukua "You Win Again" ya 1987. Yale mapigo mazito yanayofungua wimbo ni kazi ya Maurice, aliyafanyia kwenye gereji ya nyumbani kwake. Mwenyewe alisimulia kwamba waliambiwa wayatoe, wakagoma. Unayasikia, unajua ni wimbo gani kabla Barry hajafungua mdomo. Ukashika namba moja Uingereza, wakawa kundi la kwanza kufika hapo katika miaka ya sitini, sabini na themanini. Hayo yote yalianzia kwa huyo "msindikizaji".

Na kama kwako mwanamuziki ni yule anayesimama mbele tu, haya: "Omega Man" na "Above and Beyond", anayeongoza ni Maurice. Ziko wapi? Kwenye Size Isn't Everything, albamu yako uliyokuja kuitetea hapa. Unaisifu hata hujui ni nani anakuimbia.

Besi Nzito
Hapo umepigwa, mkuu.

Santuri Kuukuu
Sijapigwa na mtu. Albamu hiyo niliisikiliza kwenye kanda mpaka utepe ukachoka, na nyimbo hizo mbili nilikuwa nazirusha. Nilikuwa nawahi "Fallen Angel" ya Robin. Huo ndio ukweli wa masikio yangu, na huwezi kunipangia masikio.

Dada wa Kinanda
Basi usije kutufundisha kuhusu nyimbo unazozirusha! Kosa mnalolaumu watu wa disko ndilo hilohilo unalifanya wewe. Wao wanarusha albamu nzima, wewe unamrusha mtu mzima.

Mgeni wa Miaka ya 90
Samahani ndugu zangu, mimi kweli nataka kuanza kusikiliza hizi albamu za mwisho. Nianze na ipi?

Mzee wa Mitambo
Wanangu, punguzeni jazba. Mnabishana nani mkubwa, na hilo swali lilishawavunja wenyewe. 1969, baada ya albamu ya Odessa, Robin aliondoka kwa sababu ya ugomvi wa nani awe mbele. Barry na Maurice wakabaki wawili, wakatoa Cucumber Castle, na hiyo albamu leo hata nyie mashabiki hamuizungumzii. Waliporudiana ndipo ikaja "Lonely Days", na 1971 "How Can You Mend a Broken Heart" ikawapa namba moja yao ya kwanza Marekani. Mafiga ni matatu. Ukitoa moja, chungu kinamwagika, halijalishi uliyoitoa ni ipi.

Besi Nzito
Shikamoo mzee. Nakubali, ila naongeza: tazama lililotokea baada ya 12 Januari 2003, Maurice alipofariki. Barry yupo, Robin yupo, sauti mbili hizo anazozihesabu Santuri Kuukuu zote zipo. Je, walitoa albamu mpya ya studio kwa jina la Bee Gees? Hawakutoa, mpaka Robin naye akafariki Mei 2012. Miaka tisa. Kama Maurice alikuwa wa kusindikiza, kwa nini safari iliishia pale?

Disko Damu
Iliishia pale kwa sababu ya msiba, ndugu. Usigeuze huzuni ya watu kuwa hoja ya muziki. Hata mdogo wao Andy alipofariki Machi 1988, akiwa na miaka 30, hakuwa mwanakundi, lakini waliyumba.

Besi Nzito
Waliyumba wakarudi studio. Mwaka uliofuata wakatoa albamu ya One, ndani yake kuna "Wish You Were Here" kwa ajili ya huyo Andy. Kwa hiyo huzuni haikuwanyamazisha mara ya kwanza. Mara ya pili iliwanyamazisha kwa sababu kundi lenyewe lilikuwa limevunjika kiungo.

Disko Damu
Sitaki kubishana na wewe juu ya marehemu. Naona aibu hata kuendelea.

Dada wa Kinanda
Hakuna aibu katika kumpa marehemu haki yake. Aibu ni kumwita msindikizaji. Sikiliza "Man in the Middle" kwenye albamu ya 2001, kisha "Walking on Air". Kwenye albamu hiyo kila ndugu alikuwa na nyimbo zake alizozifanya peke yake, kwa hiyo ni pazuri pa kumpima kila mmoja bila kivuli cha mwenzake. Maurice anasimama. Hapigi kelele, hapandishi sauti hadi darini, anaimba kama mtu anayezungumza na wewe. Na hakuna aliyezipa nyimbo hizo nafasi, ndiyo maana nimekuja juu.

Santuri Kuukuu
Wewe umekuja juu tangu mabano.

Dada wa Kinanda
Na sijashuka.

Mwana Chati
Mgeni, wewe umesahaulika. Anza na E.S.P., kwa sababu pale wanarudi kwa Arif Mardin, mtayarishaji aliyewatoa kwenye shimo 1975 kwa Main Course, na unasikia watu wenye njaa ya kuthibitisha jambo. Kisha ruka hadi Still Waters ya 1997. Hiyo ina watayarishaji wengi mno na baadhi ya nyimbo zimeng'arishwa kupita kiasi, lakini "Alone" ni wimbo ambao wangeutoa 1978 leo ungekuwa kwenye kila mkusanyiko. Size Isn't Everything iache iwe ya tatu, ukishazoea sauti ya Robin. Huyo ndiye sauti kuu ya Bee Gees, Barry alimfunika tu miaka ya disko.

Disko Damu
Barry alimfunika NANI? Nilikuwa nataka kuondoka. "Nights on Broadway" iliokolewa na nani? Mardin alipoomba mtu apandishe sauti mwishoni mwa wimbo, aliyefanya hivyo ni Barry!

Mwana Chati
Na kabla ya hapo "Massachusetts" na "I Started a Joke" aliimba nani? Endelea, nipo.