Mfuko mbadala umegeuka rambo mpya. Uwekewe dhamana kama chupa ya soda?

Mleta mada

Wakuu, tangu 1 Juni 2019 Tanzania Bara tumeachana na rambo, ile mifuko ya plastiki ya kubebea. Waziri Mkuu wa wakati huo, Majaliwa, alilitangaza bungeni mwezi Aprili, kanuni zikafuata, na ukikutwa nayo mkononi faini inaanzia shilingi 30,000 hadi 200,000 au hadi siku saba ndani. Anayeuza ni 100,000 hadi 500,000. Wengi tulisema nchi hii haitaweza. Iliweza. Zile nyeusi zilizokuwa zimejaa kwenye michongoma na midomo ya mitaro zilipungua kweli, na anayebisha hilo alikuwa haishi Dar.

Ninachotaka tujadili ni kilichokuja badala yake. Ule mfuko laini wa rangi rangi tunaouita mfuko mbadala, watu wengi wanaamini ni kitambaa. Ni plastiki. Ni polipropilini, ndugu wa damu wa kiroba cha sukari, isipokuwa kiroba kinafumwa na huu nyuzi zake zinagandishwa pamoja kwa joto. Viwango vinataka usipungue gramu 70 kwa kila mita ya mraba ili uweze kudumu. Sasa chukua ule wa shilingi 200 wanaozungusha vijana pale Kariakoo, uinue juani. Unauona mkono wako upande wa pili. Tia viazi kilo mbili na mafuta lita moja, mpini unang'oka kabla hujafika kituoni. Kesho unanunua mwingine, na kule supamaketi keshia anakuuliza "mfuko?" huku ameshauchomoa. Nyumbani kwangu iko mingi imekunjwa chini ya sinki, na bado nikitoka bila mpango nanunua.

Pendekezo langu: kila mfuko mbadala uwe na dhamana, tuseme shilingi 500, unayorudishiwa ukiupeleka duka lolote linaloiuza. Faini iliweza rambo kwa sababu rambo ni haramu. Huu ni halali, huwezi kumkamata mtu kwa kuubeba. Kilichobaki ni kuufanya mtu auonee uchungu kuutupa. Soda za chupa tumezinunua tangu utoto, na bila chupa tupu Mangi wa duka hakupi soda mpaka uache hela. Ni nani aliyewahi kuona chupa nzima ya soda imetupwa mtaroni? Hata ukiiacha barazani, mtoto wa jirani anaiokota. Karibuni.

Muuza genge, Tandika

Kaka, wewe unaongelea supamaketi. Sisi huku tunaongelea nyanya za 500.

Mteja anatoka kazini, mikono mitupu, anataka nyanya, kitunguu, pilipili hoho moja. Jumla 1,000. Nikimwambia aongeze 200 ya mfuko ananuna. Nikimwambia aache 500 ya dhamana ananiachia na nyanya zangu. Kwa hiyo nampimia kwenye kile kifuko cheupe kisicho na mpini, nakifunga fundo, anaondoka nacho. Najua NEMC, wale wa baraza la mazingira, wanasema kifungashio si kibebeo, na wakipita tunavisukumia chini ya meza. Lakini niambie, nyanya zilizoiva nimtie mfukoni mwa suruali?

Hicho kifuko mimi ndiye ninayekinunua, mteja hakilipii. Ningependa kukiacha leo kabla ya nyinyi nyote.

Mleta mada

Dada, nimekusikia. Basi tuanze na wenye risiti, maduka makubwa ambako mfuko unalipiwa tayari. Genge tulijadili peke yake.

Mwanafunzi wa mazingira

Kabla hamjaenda mbali na dhamana, kuna hesabu za kuwekwa mezani, kwa sababu kuna watakaokuja hapa kusema "tumieni vya pamba".

Wakala wa mazingira wa Denmark mwaka 2018 ulichapisha hesabu ya maisha ya kila aina ya mfuko, kuanzia malighafi hadi kutupwa. Ukitazama joto la dunia peke yake, mfuko wa pamba unatakiwa utumike mara 52 ndipo ulingane na mfuko wa plastiki wa dukani kwao. Ukitazama kila aina ya athari, ni mara 7,100. Karatasi kwa kipimo hicho cha pili ni mara 43. Uingereza walitoa ripoti yao mwaka 2011, wakapima upande wa joto la dunia: karatasi mara 3, polipropilini kama hiyo yetu mara 11, pamba mara 131.

Maana yake ni kwamba huo mfuko anaoulalamikia mleta mada si mbaya kwa asili yake. Ukitumika mara kumi na kitu umeshalipa deni la upande huo wa joto. Ubaya ni kutumika mara moja.

Dereva bodaboda

Mara 7,100! Nikienda sokoni kila siku ya Mungu ni miaka 19 na ushee. Hilo kapu nimrithishe mwanangu?

Mwanafunzi wa mazingira

Mkuu, ile 7,100 imepandishwa na kipimo kimoja, tabaka la ozoni, kwa hiyo usiibebe kama msahafu. Na kuna jambo kubwa zaidi: hesabu zote mbili hazikuhesabu uchafu wa kutapakaa. Denmark mfuko wa dukani ukichoka unavishwa kwenye ndoo ya taka, taka zinakwenda kwenye tanuri linalotoa umeme na joto la majumbani. Kwao mfuko unaopeperuka ni jambo dogo mno kuliingiza kwenye mizania. Kwetu ndilo jambo lenyewe. Mfuko mwepesi wa plastiki unashinda kwenye hesabu zao kwa kuwa ni mwepesi, na kwa wepesi huo huo ndio unaruka hadi Mto Msimbazi. Ndiyo maana nasema hesabu zile zinatusaidia kuchagua kati ya mifuko mbadala. Kurudisha rambo haziwezi kuwa sababu.

Mzenji

Nyie wa bara mnajadili mambo ya jana. Sisi Unguja tumepiga marufuku tangu 2006, miaka kumi na mitatu kabla yenu, na miaka yote hiyo nyie mlikuwa mkiendelea kutengeneza huku bahari ni ile ile na boti ni zile zile. Sitaki kuwalaumu sana leo.

Ila samaki, ndugu zangu. Mtu akinunua samaki sokoni Darajani asubuhi, mfuko wa karatasi hauna kazi, unalowa na kupasuka njiani. Mfuko mbadala unavujisha maji yote kwenye kanzu. Wazee walikuwa na mtungo, samaki wanapitishwa ukuti unawabeba hivyo hivyo, na wakiwa wengi wanatiwa pakacha. Pakacha linasukwa kwa kuti bichi papo hapo na likichakaa unalitupa chini ya mnazi bila dhambi. Siwaambii turudi zamani. Nasema tu mkiandika masharti ya huo mfuko wenu wa dhamana, muulizeni na mvuvi.

Mdau wa Mafinga

Mbona karatasi mnaipita haraka? Mgololo hapa Mufindi kuna kiwanda kinatengeneza karatasi ngumu ya kaki kutokana na misindano ya huku huku. Sababu ya kumtetea mkulima wa miti mnaitaka ipi tena? Unga, sukari, mkate, dawa, nguo: vyote vinabebeka kwenye kaki. Mvua ikinyesha, sawa, itapasuka. Mvua hainyeshi kila siku. Na ukiitupa, mchwa wanaimaliza.

Mwanafunzi wa mazingira

Inaoza, ndiyo, na hilo ni jambo kubwa kwetu. Lakini karatasi ni nzito, kutengeneza kwake kunakula maji na nishati nyingi, na hapa nchini nani amewahi kutumia mfuko wa kaki mara tatu? Unaingia jikoni unawashia mkaa. Kwa mkate na dawa nakubaliana nawe. Kwa manunuzi ya wiki, hapana.

Wa Nairobi

Majirani, habari zenu. Sisi tulipiga marufuku majuala, yaani hizo rambo zenu, 28 Agosti 2017, baada ya majaribio mawili kushindwa, 2007 na 2011. Faini yetu ni shilingi milioni 2 hadi 4, za Kenya, kwa hivyo msilie na 30,000 yenu. Tulihamia kwa hiyo mifuko mnayosema, na yaliyowapata yalitupata. Viwanda vikaanza kushindana kwa bei, mfuko ukawa mwembamba kila mwezi, hadi NEMA, mamlaka yetu ya mazingira, ikatangaza 2018 kwamba itaipiga marufuku pia hiyo. Mambo yakaishia kortini.

Somo nililopata mimi: ukipiga marufuku kitu bila kusimamia unene wa kile kinachofuata, soko litakuletea kitu kile kile kwa jina lingine. Ningewashauri gramu 70 zipimwe kiwandani na bandarini kabla ya kuongea habari ya dhamana. Dhamana juu ya mfuko unaopasuka siku ya kwanza ni utapeli. Nani atakurudishia 500 ya mfuko usio na mpini?

Mangi wa duka la kona

Hapo sasa mmenigusa. Mimi ndiye mnayetaka nipokee hiyo mifuko.

Chupa ya soda naipokea kwa sababu gari la kiwanda linakuja kuichukua, linaniletea iliyojaa, kwao inaoshwa kwa mashine. Mfuko uliobebea dagaa wabichi, uliokaa kwenye buti la bajaji, mtu ananiletea anasema "nipe mia tano yangu". Naupeleka wapi? Nimuuzie mteja mwingine ajazie mkate? Na nikimkatalia, ugomvi. Tena hizo soda mnazozisifia, kampuni zenyewe zinakimbilia chupa za plastiki za kubeba na kwenda. Kreti dukani kwangu zimebaki chache. Mwenye mali amechoka kuzungusha chupa, mimi mwenye duka futi kumi nizungushe mifuko?

Mleta mada

Hoja ya Mangi ni nzito kuliko zote hadi sasa, na ya Nairobi inaifuata. Nabadilisha pendekezo.

Mfuko usirudi kuuzwa. Urudi kama malighafi. Tazameni wanaookota makopo: chupa ya maji haikai barabarani, inaokotwa kwa kuwa ina bei kwa kilo. Mfuko mbadala wanauruka, wanauacha pale pale, kwa sababu hakuna anayeununua. Polipropilini inayeyushwa na kutengenezwa ndoo na viti, si kitu cha ajabu. Kwa hiyo kiwanda au mwagizaji ndiye atoe hela mapema kwa kila mfuko, duka likusanye kwenye gunia bila kuchagua kizima na kilichochanika, na mwenye gunia alipwe. Atakayetengeneza mwepesi atalipa dhamana sawa na wa mzito, basi faida ya kupunguza gramu inakuwa ndogo. Anayetaka kurudia kutumia mfuko wake mwaka mzima, dhamana yake imelala salama. Na 500 naishusha, hata 200 itatosha kwa muokotaji.

Mangi wa duka la kona

Gunia nitaweka. Likijaa na gari lisipokuja, naliweka mlangoni kwako.

Dereva bodaboda

Mimi mfuko wangu ni kiroba cha mbolea kilichooshwa, kimekunjwa chini ya siti. Kinabeba mchele, kinabeba kuku, mvua ikija nafunika kiti. Hakuna aliyeniwekea dhamana.

Muuza genge, Tandika

Mmemaliza ya wenye risiti? Haya, sikilizeni ya genge. Mwaka huu nimeanza kitu. Anayekuja na kapu lake au mfuko wake, namwongezea kitunguu kimoja. Simwambii habari ya mazingira wala NEMC. Kina mama wa jirani wamelishika haraka, sasa wanatuma watoto na kapu mkononi na mtoto anasema kabisa, "mama amesema usisahau kitunguu".

Mdau wa Mafinga

Safi sana dada. Ila hicho kitunguu kinalipwa na nani?

Muuza genge, Tandika

Na mimi. Kwani vile vifuko vyeupe nilikuwa napewa bure?