Mbabe wa katuni dhidi ya Popobawa: achorwe au asichorwe?

Assalaam aleikum. Naleta hoja, wenye kupinga wapinge, ila tusivunjiane heshima.

Kikao cha wazazi skulini kwetu, hapa Ng'ambo mjini Unguja, kiliingia zogo kwa sababu ya Goon, katuni ya Mmarekani Eric Powell iliyoanza kutoka mwaka 1999. Vijana wanarushiana kurasa zake kwenye simu. Aliyeiona anajua: pande la mtu, kofia imemfunika macho, ngumi nene kuliko kichwa cha anayepigwa, na rafiki yake Franky, kimo kifupi mdomo mrefu. Kazi yao ni kutwanga maiti wanaotembea na madubwana ya kila sampuli. Mzee mmoja akataka ipigwe marufuku, ushetani mtupu. Kijana anayejua kuchora akasimama: basi niacheni nichore yetu, mbabe wa Michenzani dhidi ya Popobawa, lile dubwana la usiku la visiwani kwetu. Kikao kikavunjika hapo.

Mimi nasema achore. Hiyo hoja ya mazimwi kuharibu watoto hainiingii. Sote tumelazwa kwa hadithi za zimwi, majini na mumiani, na bibi zetu hawakuhitaji picha kututia khofu. Damu? Tamthilia za usiku tunaziangalia nao sebuleni, na sijasikia aliyeitisha kikao.

Mimi namtilia shaka mbabe mwenyewe. Si kwa ubaya wake. Goon anakusanya madeni kwa jina la jambazi, na mhusika malaika huchosha. Tatizo ni kwamba katuni za namna hii zinambeba. Fremu ya kwanza kivuli. Ya pili ngumi. Ya tatu meno yanaruka na PWAA imejaa ukurasa. Ya nne tunaonyeshwa: naam, lilikuwa dubwana kweli. Ngumi haikosei mtu hata siku moja.

Sasa tuje 1995, mwaka wa uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi tangu Mapinduzi. Khofu ya Popobawa ilianzia Pemba ikavuka bahari hadi Unguja. Watu wakalala nje kwa makundi, wameuzunguka moto, mlango wa nyumba wazi na ndani hamna mtu. Wapo wanaosema lilikuwa jinamizi, lile la kuzinduka kifua kimekandamizwa na kidole hakinyanyuki. Wapo wanaosema siasa. Wapo walioapa wamemwona. Wabishane. Ila mjini Unguja kundi la watu lilimuua mgonjwa wa akili, wakidai yeye ndiye. Kivuli, ngumi, na fremu ya nne ikawa maiti ya binadamu.

Na kuuliza kabla ya kupiga tunakujua, tena kwa maandishi. Muhammed Said Abdulla, Mzanzibari mwenzetu, alimtoa mpelelezi Bwana Msa katika riwaya yake Mzimu wa Watu wa Kale mwaka 1960: mtu na kiko chake, anauliza, anasikiliza, mpaka inajulikana kwamba nyuma ya mzimu mna mikono ya watu. Kwa hiyo kijana achore, kwa sharti langu moja: angalau mara moja ngumi impate asiye na hatia, na ukurasa usikimbilie mbele.

*

Kaka, mimi ni wa Wete. Umepita mbio pale palipo na moto. Popobawa hakusifika kwa kutisha watu tu. Ilisemwa anawaingilia, wanaume kwa wanawake, kisha anaamrisha aliyefanyiwa akatangaze, la sivyo atarudi. Watu wazima walisimama mbele ya majirani wakajisemea aibu ambayo mtu hamwambii hata mkewe. Wengi wao wazima mpaka leo, tunakutana nao sokoni. Unamchoraje huyo dubwana bila ya kumchora aliyefanyiwa? Na mtoto wa miaka 14 akicheka, atakuwa anamcheka nani? Bwana Msa mwache kitabuni. Mbabe wa Marekani naye apigane na maiti wa kwao, hawana jamaa Pemba.

*

Dada yangu, ndiyo maana sitaki aonekane kabisa. Asichorwe Popobawa, asichorwe aliyefanyiwa. Lichorwe kundi limezunguka moto, kila mmoja anamwangalia jirani yake kwa pembe ya jicho. Kunyamaza hakujawasitiri hao unaowataja. Habari zao zimeandikwa na wageni, zinasomwa kote. Wetu akichora atajua angalau wapi pa kugeuza uso.

*

Ami, mimi ndiye mchoraji mwenyewe. Katuni ya madubwana isiyo na dubwana hainunuliki, tusidanganyane. Wanafunzi wenzangu wanataka PWAA, na mimi PWAA naipenda. Kuchora ngumi inayokujia usoni ndiyo raha ya kazi hii. Lakini jana usiku nimegeuza kisa. Mbabe wangu mlevi, mkorofi, mtaa mzima haumtaki. Usiku ule yeye pekee anasimama baina ya mgonjwa na kundi. Ngumi zipo, meno yanaruka, kurasa sita nzima. Sasa tatizo: wanaopigwa ni sisi. Muuza kahawa, dereva wa daladala, baba wa mtu. Nimeshawapa sura, na ukiwatazama vizuri utawajua. Nyinyi wazee mliogombana kikaoni juu ya shetani, hiyo mtairuhusu iingie skuli?