Mjane kupewa mhudumu wa Stefano: je, siri hutunzwa?

Mjane, Minnesota (swali)
Bwana Yesu asifiwe. Mume wangu alifariki mwezi wa pili, na usharika wa Kilutheri ninaosali hapa umependekeza nipewe mhudumu wa Stefano, yaani muumini wa kawaida aliyefunzwa, ambaye atanitembelea kila wiki kwa muda wa saa moja hivi. Nyumbani Tanzania nilizoea wazee wa kanisa na kwaya ya akina mama waje pamoja, waimbe, waombe na kuaga. Sijawahi kuketi ana kwa ana na mtu nisiyemjua nikimweleza yaliyomo moyoni. Ninaogopa pia maneno yangu yasije yakamfikia mchungaji, kisha Watanzania wote wa mji huu. Naomba ushauri wa wanaoifahamu huduma hii.

Mhudumu, Texas
Pole sana, dada yangu. Huduma hii ilianzishwa mwaka 1975 huko St. Louis na Kenneth Haugk, mchungaji wa Kilutheri na mwanasaikolojia, kwa kuwa mchungaji mmoja hawezi kuwafikia wote wenye shida katika usharika wake. Mafunzo niliyopitia huchukua saa 50 hivi, na kilichonitoa jasho ni mazoezi ya kusikiliza: mmoja anaeleza jambo linalomsumbua, wa pili anasikiliza bila kutoa ushauri, na wa tatu anatazama tu, akiinua mkono kila msikilizaji anapokimbilia kusema kwamba Mungu ana makusudi yake.

Siri hutunzwa. Mchungaji aweza kujua kwamba una mhudumu, lakini hasimuliwi mnayozungumza. Hata wahudumu wanapokutana na wasimamizi wao, hawamtaji kwa jina wanayemhudumia. Ukimya huo huvunjwa pale tu ambapo uhai au usalama wa mtu umo hatarini. Mwanamke hupewa mwanamke, na hakuna malipo. Yeye si tabibu, kwa hiyo huzuni ikizidi uwezo wake atakushauri umwone mtaalamu, nawe usilichukulie hilo kuwa ni kukukimbia.

Mwinjilisti, Moshi
Mwanangu, pole kwa msiba. Sipendi mtu mmoja achukue nafasi ya jumuiya nzima, na hilo nalisema kwa uzito. Hata hivyo, huku kwetu nyumba ya msiba hujaa watu mpaka matanga yanapoanuliwa, kisha mjane hubaki na masufuria ya kurudisha kwa majirani na madeni ya marehemu, na miezi inayofuata, ambayo ndiyo migumu, hatuna utaratibu wowote wa kumtembelea. Soma Matendo ya Mitume sura ya 6: waliosahauliwa katika huduma ya kila siku walikuwa wajane wa Wayahudi wa Kiyunani, watu wa lugha nyingine katikati ya wenyeji, na kwa ajili yao Stefano na wenzake sita walichaguliwa. Wewe ndiwe hasa aliyekusudiwa, mwanangu. Mpokee.

Mjane, Minnesota
Asanteni sana, na Mungu awabariki. Nitamwomba kiongozi wa huduma anitafutie mama mtu mzima, asiyefahamiana na Watanzania wenzangu, aje Jumamosi asubuhi watoto wanapokuwa mazoezini. Nitamweleza mapema kwamba nikilemewa huenda nikazungumza Kiswahili. Akina mama wa kwaya nitaendelea kuwakaribisha kama kawaida.