Ditekta za metali za zamani: Relco, Compass 77B au Heathkit GD-48 kwa fukwe za Mtwara?

Mwana_Shangani:
Wakuu, salaam. Kuna mzee hapa Mtwara mjini anauza ditekta tatu za zamani: Relco ya Houston, Compass 77B ya Oregon na Heathkit GD-48. Zote zinalia zikiwekewa betri. Nataka moja ya kutafutia pete na mikufu watu wanayopoteza ufukweni, Shangani na Msimbati, na nikijaliwa niende nayo Ruangwa kwenye dhahabu. Nichukue ipi?

FundiRedio_Lindi:
Relco iache. Ni ya mtindo wa BFO. Ndani kuna saketi mbili zinazotoa mawimbi: moja imetulia kwenye boksi, nyingine inategemea koili, yaani waya uliozungushwa, iliyo kwenye sahani unayoipitisha juu ya ardhi. Metali ikikaribia, mawimbi ya koili yanahama, na mlio unaousikia ni tofauti ya hayo mawili. Sasa jua la huku unalijua. Joto peke yake linayahamisha, kwa hiyo kila hatua chache unarudi kwenye kitufe kurekebisha. Sarafu ikizama zaidi ya upana wa kiganja, usitegemee kuisikia.

Compass ni mashine ya heshima. Inafanya kazi kwa mawimbi ya kilohezi 100, na misumari midogo haiisumbui sana, ndiyo maana Wamarekani waliipenda kwenye viwanja vya nyumba za zamani.

Heathkit iliuzwa vipandevipande, mnunuzi akaiunga mwenyewe kwa risasi, hivyo ubora wake ni mkono wa aliyeiunga. Ila kitabu chake kina mchoro mzima wa saketi. Mzee akiwa nacho, mimi ningechukua hiyo, maana ikiharibika itatengenezeka.

Mchimbaji_Ruangwa:
Kaka, habari ya dhahabu iondoe kwenye hesabu kabisa. Udongo mwekundu umejaa madini ya chuma, na mashine hizo hazina namna ya kusawazisha ardhi kama za sasa. Ukishusha sahani kidogo inalia, ukiinua inanyamaza, na hapo hakuna dhahabu wala nini. Utachimba mashimo hadi jioni. Halafu huku eneo lina mwenye leseni, lazima mwelewane naye kwanza.

Binti_Mikindani:
Naona hakuna aliyegusa chumvi, na kwa ufukweni hilo ndilo la kwanza. Mchanga uliolowa maji ya bahari unapitisha umeme, na mashine ya kilohezi 100 inauona kama metali. Compass na Heathkit zote mbili zitakufaa juu kwenye mchanga mkavu tu. Maji yakitoka ukashuka nazo chini, zitapiga kelele mwanzo mwisho, wakati pete nyingi humtoka mtu kidoleni akiwa anaoga.

Ukitaka ya zamani inayovumilia chumvi, tafuta ditekta ya mtindo wa PI (pulse induction), kwa mfano Goldscan za Eric Foster wa Uingereza. Inatuma mshtuko mfupi wa umeme, inasubiri kidogo sana, ndipo inasikiliza. Mwitikio wa maji ya chumvi unakufa upesi, wa metali unachelewa kufa.

Na jamani, tusichezee magofu. Kuchimbua vitu vya kale bila kibali ni kosa kwa Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, na Kilwa Kisiwani ni Urithi wa Dunia tangu 1981. Sarafu ya shaba ikitolewa mahali ilipolala, historia yake nusu imeshapotea.

FundiRedio_Lindi:
Dada, kwenye chumvi nakuunga mkono. Lakini PI ya zamani haichagui: kizibo cha soda, msumari, ndoano, vyote vinalia sawasawa na pete. Pale wanapokaa watu kunywa soda atachoka mapema.

Binti_Mikindani:
Atachoka, kweli. Ila afadhali kuchimba vizibo kuliko kupita juu ya pete bila kuisikia.

Mzee_wa_Masasi:
Vijana, mkipita na mashine upande wa Mahiwa kuweni waangalifu. Vita vya Oktoba 1917 vilikuwa vikali sana pale. Ukikuta kitu kama ganda la mzinga, usikiguse wala usikigonge, toa taarifa polisi.

Mwana_Shangani:
Shikamoo mzee, nimesikia. Kwa hiyo nabaki na mchanga mkavu, kati ya Compass na Heathkit. Kwa mzee niangalie nini?

FundiRedio_Lindi:
Fungua mahali pa betri. Ukungu wa kijani kwenye vishikio unasafishika, lakini ukiwa umepanda na waya hadi kwenye bodi, teremsha bei. Kisha shika waya pale unapoingia kwenye sahani, uukunje taratibu huku mashine inalia. Ikikwaruza au kukata, waya umekatikia ndani. Sahani nayo iangalie kama ina ufa. Ikishaingia unyevu ndani sitaweza kukusaidia, maana koili nyingi zimezibwa kwa gundi ngumu.

Usiijaribu kwa sarafu ya shilingi 500, ile ni chuma kilichopakwa nikeli, hata sumaku inainasa. Beba pete ya fedha, uifukie kwenye mchanga ufukweni, siyo uani kwa mzee.

Mwana_Shangani:
Asante fundi. Jumamosi namwomba mzee twende wote Shangani na hizo mbili, pete naazima kwa dada. Kitabu cha Heathkit kikipatikana nitakupigia picha ya mchoro.