Usawa wa intaneti Marekani: msimamo wa chama cha Democratic, na mkataba ulio mkononi mwako

Kwa wazee wetu na ndugu zangu wote wa Nyanza, Magharibi na Nakuru mlioko ughaibuni,

Shikamooni. Nimepata uraia, na Novemba 2026 nitapiga kura hapa Texas kwa mara ya kwanza. Mgombea wa chama cha Democratic katika eneo letu anasema kwamba chama chake kitarudisha usawa wa intaneti. Mimi ni muuguzi wa zamu za usiku, nami huzungumza na mama yangu aliyeko Kisumu kwa video ya simu. Kila mwezi unapokaribia kwisha picha huanza kukwama. Je, ahadi hiyo inanihusu? Na je, msimamo wa chama hicho kuhusu jambo hili ni wa kuaminika?

Dada yenu, Dallas

*

Binti yangu wa Dallas,

Marahaba. Niliishi California kwa miaka mingi kabla ya kurudi hapa Kisumu, na jambo hili nimelifuatilia tangu wakati huo kwa sababu naliona ni la haki. Maswali yako mawili yana majibu yanayotofautiana.

Usawa wa intaneti ni kanuni kwamba kampuni inayokuuzia intaneti isizuie tovuti wala programu iliyo halali, isipunguze kasi ya moja na kuiacha nyingine, wala isipokee malipo kutoka kwa mwenye tovuti ili data yake ipitishwe mbele ya za wengine. Mwenye mashine ya kusaga pale Kibuye hulipwa kwa debe na husaga kwa zamu, wala hakuulizi kama unga ni wa ugali au wa uji. Siku atakapomtanguliza mwenye hoteli kubwa kwa sababu amemlipa pembeni, mama aliyebeba gorogoro mbili atasubiri hadi jioni.

Msimamo wa chama cha Democratic umekuwa uleule kwa muda mrefu. Barack Obama, ambaye baba yake alitoka kwetu Kogelo, aliahidi kuulinda usawa huo alipokuwa akigombea urais wa 2008. Mwaka 2010 Tume ya Shirikisho ya Mawasiliano, FCC, ilitunga kanuni, lakini Januari 2014 mahakama ya rufaa ya Washington ilizibatilisha kwa sehemu kubwa. Februari 2015 Tume ilizitunga upya kwa kura 3 dhidi ya 2, na safari hii iliiweka intaneti katika kundi la huduma zinazowajibika kuwahudumia wote bila ubaguzi, kama simu, chini ya Sheria ya Mawasiliano ya 1934. Ilani za chama za 2016 na 2020 zote ziliunga mkono kanuni hizo.

Tazama yaliyofuata. Desemba 2017 Tume, ikiongozwa na Ajit Pai wa upande wa Republican, ilizifuta kwa kura 3 dhidi ya 2. Mei 2018 Seneti ilipiga kura 52 kwa 47 kutaka zirudishwe, na maseneta watatu wa Republican waliungana na wale wa Democratic, ila hoja hiyo haikupitishwa na Baraza la Wawakilishi. Aprili 2019 Baraza hilo, wakati huo likiwa mikononi mwa Democratic, lilipitisha mswada wa kuzirudisha kwa kura 232 kwa 190, nao ukakwama katika Seneti. Aprili 2024 Tume ilizirudisha, kwa mara nyingine 3 dhidi ya 2. Na tarehe 2 Januari 2025 mahakama ya rufaa ya Cincinnati ikazibatilisha, ikisema kwamba sheria iliyopo haiipi Tume mamlaka ya kuiweka intaneti katika kundi lile.

Hapo ndipo ninapokilaumu chama ninachokubaliana nacho. Kati ya 2021 na 2022 Democratic walishika Ikulu, Baraza la Wawakilishi na, kwa kura ya Makamu wa Rais, Seneti pia. Mswada wa kuiandika kanuni hii katika sheria uliwasilishwa Julai 2022, ikiwa imesalia miezi michache tu ya muhula wa Bunge hilo, nao haukufika popote. Najua kwamba kanuni za Seneti huhitaji kura 60 kwa mambo mengi, na kwamba Tume yenyewe ilikaa na wajumbe wawili wa kila chama hadi Septemba 2023. Hata hivyo, chama kinachoamini jambo kwa miaka kumi na zaidi hakipaswi kuliacha litegemee kura moja ya mjumbe wa Tume. Mgombea wako akija kuomba kura, usimuulize kama anaupenda usawa wa intaneti, kwa maana atasema ndiyo. Muulize kama atatia jina lake kwenye mswada, na mswada huo utaipa Tume mamlaka gani ambayo mahakama haitaweza kuyakana.

Republican nao wana hoja yao, kwamba kanuni nzito huwafanya wenye mitambo wapunguze uwekezaji. Ni kweli pia kwamba baada ya Juni 2018, kanuni zilipokoma, intaneti haikuvunjika asubuhi yake kama wengine walivyotabiri. Lakini majimbo hayakukaa kimya. Washington ilipitisha sheria yake Machi 2018, na California ikafuata Septemba mwaka huohuo kwa sheria iliyo kali zaidi, ambayo mahakama ya rufaa iliiacha isimame Januari 2022. Ilipoanza kutekelezwa mwaka 2021, AT&T ilisitisha mpango wake wa data iliyolipiwa na wenye maudhui hata nje ya California. Texas haina sheria ya namna hiyo.

Sasa simu yako na mama. Picha inayokwama mwisho wa mwezi, kwa maoni yangu, haitokani na ubaguzi wa programu. Inaelekea umemaliza kiwango cha data ya kasi kilichomo katika mpango wako, na baada ya hapo kampuni hupunguza kasi ya kila kitu. Hilo halikukatazwa hata na kanuni za 2015, mradi mteja ameelezwa. Tangu 2024 kila kampuni hutakiwa kuonyesha jedwali la mpango inaouza, lenye bei, kasi, kiwango cha data na gharama ya ziada. Lisome kabla ya kutia sahihi, na usiridhike na neno "bila kikomo" lililoandikwa kwa herufi kubwa.

Upande wa mama nao uangalie. Hapa Kisumu watu wengi hununua bando la WhatsApp pekee kwa sababu ni nafuu, na hata ile huduma ya Facebook iitwayo Free Basics, iliyoanza Kenya mwaka 2014 kupitia Airtel ilifungua tovuti chache tu zilizochaguliwa. Ukimtumia mama kiungo cha hospitali au cha eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, hataweza kukifungua kwa bando hilo, naye atadhani simu imeharibika. Mtumie fedha za bando la kawaida. Hili linaniuma, kwa sababu wazee wetu wanaishi wakiamini kwamba WhatsApp ndiyo intaneti yote.

Mzee wenu, Kisumu

*

Mzee, shikamoo, na dada, pole kwa zamu.

Naongeza kidogo kwa walioko California kama mimi. Sheria ya jimbo letu husimamiwa na Mwanasheria Mkuu wa California, na malalamiko yanaweza kupelekwa ofisini kwake kupitia tovuti. Kwa walioko majimbo mengine, FCC bado hupokea malalamiko ya wateja bila malipo, na kampuni hutakiwa kujibu kwa maandishi ndani ya siku 30. Pimeni kasi ya programu inayokwama na ya nyingine katika saa ileile, mkiwa bado hamjamaliza data ya mwezi, kisha hifadhini picha za skrini pamoja na nakala ya lile jedwali la mpango.

Ndugu yenu wa Nakuru, Sacramento